Suti kwanza au fulana ya benchi?

SWALI: Shikamoo Kocha. Nina kilo 74, napiga skwati kilo 180 kwa mkanda na vibana-goti tu. Nataka kuhamia mashindano ya vifaa ya powerlifting (kunyanyua vyuma), yale yanayoruhusu mavazi magumu ya kumsaidia mnyanyuaji, ila pesa niliyonayo ni ya kitu kimoja. Ninunue suti ya skwati au fulana ya benchi, ile ya kusukumia chuma ukiwa umelala? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba. Nunua bandeji za magoti. Najua hukuziuliza, lakini bei yake ni nafuu na zitakuzoesha kubanwa. Sheria za IPF, shirikisho la kimataifa la powerlifting, zinaruhusu urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 8. Zikizidi hapo, zitakataliwa kwenye ukaguzi.

Ukijikusanya tena, chukua suti ya skwati. Fulana iache mwisho kabisa. Ile inabadilisha njia nzima ya chuma: unakishusha kuelekea tumboni, na uzito ukiwa mdogo hakigusi hata kifua. Kuijaribu bila watu wa kukudaka ni kutafuta msiba.

Muuzaji atakusukumia suti inayobana kupita kiasi. Kataa. Ya kwanza uweze kuivaa kwa msaada wa mwenzako mmoja, na ufike chini kihalali, nyonga ikiwa chini ya goti, bila kuongeza kilo nyingi juu ya hizo 180. Kamba za mabega utazikaza baadaye. Mtumba ruksa, ila igeuze ndani nje ukague mishono ya makalioni. Iwe ya tabaka moja la kitambaa, na modeli yake iwemo kwenye orodha ya vifaa vilivyoidhinishwa na IPF.