Rangi imebanduka, imebambuka au imebanduliwa?

SWALI: Mimi ni fundi rangi, niko Kigamboni. Nimepata kazi ya boti ya starehe ya zamani, ya injini. Ndani yote ni mbao zilizopakwa rangi nyeupe. Kabla ya kuanza niliandika taarifa ya hali niliyoikuta: "Rangi ya mbao za ndani imebanduliwa upande wa kushoto na imebanduka darini." Msimamizi wa mwenye boti amekata yote mawili, akaandika "imebambuka". Juu yake akaongeza kichwa: "Kukarabati rangi". Nani amekosea?

JIBU: Ndugu fundi, tuanze na "imebanduliwa", maana hilo linaweza kukutoa pesa mfukoni. Kauli ya kutendwa ina mtendaji hata asipotajwa. Ukisema rangi imebanduliwa, umesema yupo mtu aliyeibandua, na hesabu zikianza kugombaniwa, mwenye mkwangulio mkononi ni wewe. "Imebanduka" haimtaji mtu: rangi imeachia yenyewe. Watoto wetu wanaijua tofauti hii mapema sana, ndiyo maana glasi nyumbani huwa "imevunjika" na si "imevunjwa".

Kwa hiyo ulichokikuta kiandike kwa -k-, na ulichokifanya kiandike kwa -w-: rangi iliyobanduka ilikwanguliwa, mbao zikapigwa msasa, nyufa zikazibwa. Anayesoma anaona mara moja boti ilikuwaje kabla yako na kazi yako ilianzia wapi. Ila usichanganye na "inabandulika", ambayo ni habari ya uwezekano. "Rangi hii haibanduliki" maana yake umeikwangua na imekushinda.

Bandua ni kinyume cha bandika, kama fungua na funga, au zibua na ziba. Kinachovutia ni kwamba rangi tunaipaka, hatuibandiki, na bado ikitoka tunasema imebanduka. Paka haikutupatia kinyume chake cha kufaa. Pakua ipo, lakini hiyo ni ya wali na ya mizigo. Ukimwambia kijana wako apakue rangi ya darini, atakuuliza sahani iko wapi. Basi tumeazima kwa bandika, na hakuna ubaya wowote.

Sasa bambuka. Kamusi huliweka karibu sana na banduka, na mitaani watu hubadilishana bila kugombana. Mimi nalitenga. Kubambuka ni kutoka kwa ganda, kipande kizima, kama gome la mti: unashika ncha, unavuta, linakuja. Banduka ni pana zaidi, hata chembe ndogondogo zinazodondoka ukipitisha kiganja zimebanduka. Katika boti ya mbao kubambuka kuna sababu yake. Maji yanapenya kwenye sitaha au pembeni mwa dirisha, mbao zinalowa kwa nyuma, rangi inavimba malengelenge, kisha inaachia mapande mapande. Ukiandika "imebambuka", fundi mwenzako ataanza kutafuta panapovuja kabla hajafungua kopo. Na asidharau maji ya mvua: kwa kuozesha mbao ni mabaya kuliko ya bahari, kwa kuwa kuvu haistawi vizuri penye chumvi. Achome kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama, hiyo si habari ya rangi tena; andika "mbao imeoza" na umwite seremala.

Msimamizi wako, basi, huenda yuko sawa kwa dari, lakini amekosea kulimwaga neno moja boti nzima. Kwenye kingo za milango na ngazi, panapogongwa na mabegi, rangi imechubuka. Karibu na madirisha, jua lilikopiga miaka, imepauka. Penye viungo vya mbao vinavyotanuka na kusinyaa, imepasuka. Iliyopauka tu inahitaji kuoshwa, kupigwa msasa laini, tuseme namba 220, na kupakwa tena. Iliyobambuka lazima ikwanguliwe mpaka kwenye mbao, mbao ikauke kabisa, ndipo praima, yaani rangi ya msingi. Bei haziwezi kuwa sawa, na taarifa yako ndiyo itakayozitetea.

(Msasa, kwa wasiojua, ni mti, na majani yake yenye ukwaru ndiyo yaliyosugulia mbao kabla ya karatasi ya dukani. Asiniulize mtu kuhusu jina la mtaa wa Msasani; hiyo ina wenyewe. Na hili si la lugha, lakini sitalinyamazia: kwenye boti ya zamani rangi za chini zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usizipige msasa mkavu ndani ya chumba kilichofungwa. Lowesha, vaa barakoa.)

"Kukarabati rangi" silipendi. Tunakarabati boti, nyumba, barabara, yaani kitu chenye mwili. Rangi hupakwa upya, au kama wasemavyo mafundi, hurudiwa. Kichwa kiwe "Ukarabati wa mbao za ndani na kupaka rangi upya", na hapo kazi ya seremala nayo imepata nafasi.

Mrudishie hivi, ukibadilisha pale macho yako yalipoona vingine: "Rangi ya darini imebambuka, na mbao zilizo chini yake zina unyevu. Ukuta wa kushoto rangi imebanduka sehemu ya chini na kupauka karibu na madirisha. Kingo za milango zimechubuka. Panapovuja patafutwe na pazibwe kwanza kabla rangi yoyote haijapakwa."