Wazuh au Defender kwa kompyuta 40?

Mkuu, umeuliza uchukue Wazuh au Microsoft Defender for Business, programu mbili za kulinda kompyuta dhidi ya virusi na wavamizi, kwa kompyuta 40 na sava 2, huku fundi wenu wa IT akiwa mmoja. Kwa hali hiyo, chukua Defender.

Wazuh haina ada ya leseni, ni kweli, ila gharama inahamia kwa mtu. Kwa mashine 42 andaa sava ya kori 8, RAM GB 8 na diski GB 100 ili rekodi za matukio (logs) zikae siku 90. Fungua poti (milango ya mtandao) 1514 na 1515. Ukisahau ya 1515, mashine mpya hazisajiliki. Wengi hunasa hapa: ukaguzi wa mafaili hupita kila saa 12 usipowasha ule wa papo hapo, na mvamizi hazuiwi mpaka uandike mpangilio wake. Inapiga kelele tu, mlango uko wazi. Saa nane usiku nani anasoma tahadhari?

Defender inalitenga faili hasidi yenyewe. Ukomo ni watumiaji 300, vifaa 5 kwa kila mmoja. Leseni za sava hununuliwa kando, ziweke kwenye bajeti mapema. Kama mnalipia Microsoft 365 Business Premium, tayari mnayo.

Jaribu kwanza kwenye kompyuta 3. Ondoa kingavirusi cha zamani, la sivyo Defender hujiweka pembeni na jaribio halina maana. Kisha dondosha faili la EICAR, faili la kupimia kingavirusi lenye herufi 68 zisizo na madhara, na uhesabu dakika hadi tahadhari ifike kwenye barua pepe ya fundi.