Friji au mitungi kwanza? Vifaa na mzigo wa duka jipya la pipi

SWALI: Nimekodi chumba kimoja chenye dirisha kubwa la kioo, nataka kufungua duka la pipi za kupima kwa uzito pamoja na chokoleti. Muuza vifaa ananishawishi ninunue friji la vioo la kuonyeshea bidhaa, na nimeshaona mizani ya jikoni ya bei nafuu. Mtaji wangu ni mdogo. Ninunue nini kwanza, na nianze na aina ngapi?

JIBU: Hilo friji liache kwanza. Adui mkubwa wa duka lako ni unyevu, na fedha ya mwanzo iende huko. Pipi ngumu ni sukari iliyochemshwa mpaka ikabakiwa na maji asilimia 1 hadi 3 tu, kwa hiyo huvuta unyevu wa hewani mfululizo. Ikikaa wazi, uso wake hulainika, unanata, na mwishowe mtungi mzima unakuwa bonge moja. Pipi za jeli zina shida ya pili: hewa ikiwa kavu, zinakauka na kuwa ngumu kutafuna.

Kabla hujaagiza mzigo, toa pipi ngumu tatu kwenye karatasi zake, ziweke kwenye sahani katikati ya chumba, funga mlango, zilale hapo usiku kucha. Asubuhi bonyeza moja kwa kidole. Ikiinuka na kidole, chumba kinahitaji kiyoyozi au mashine ya kupunguza unyevu kabla ya rafu za kupendeza. Tundika ukutani kipimajoto na kipima unyevu, uvisome kila siku. Lenga nyuzi 18 hadi 20 za Selsiasi na unyevu chini ya asilimia 50. Hata ukifika hapo, pipi zisizo na karatasi zikae kwenye mitungi yenye mfuniko wa mpira unaobana. Makasha ya wazi yanavutia kwenye picha, lakini yatakula faida yako.

Sasa chokoleti. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 34, na chokoleti huanza kulegea kabla ya kufika hapo. Ndiyo sababu watu wanakimbilia friji. Friji la vinywaji hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 5. Chokoleti ikitoka humo na kukutana na hewa ya kawaida, hutoka jasho. Maji yale huyeyusha sukari ya juu, yakikauka yanaacha weupe unaokwaruza. Upo pia weupe wa mafuta, unaotokana na joto linalopanda na kushuka. Kuutambua ni rahisi: dondosha tone la maji juu yake. Likisimama kama shanga ni mafuta. Likitandaa na weupe ukayeyuka ni sukari. Ukijua ni upi, unajua utarekebisha joto au unyevu. Kama fedha itaruhusu baadaye, kabati la kupozea divai lililowekwa kwenye nyuzi 15 hadi 18 linafaa kuliko friji lolote la soda. Na lile dirisha lako kubwa usipange chokoleti hapo kabisa. Jua huharibu hata rangi za pipi ngumu, kwa hiyo dirishani weka makopo matupu na maboksi ya zawadi.

Mizani ya jikoni usinunue. Katika nchi nyingi hairuhusiwi kwa biashara. Unahitaji iliyohakikiwa na mamlaka ya vipimo, yenye kioo cha pili ambacho mteja anakisoma. Kuna jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Kwenye kibandiko cha mizani kumeandikwa uzito wa chini inaoruhusiwa kupima. Kwa mizani za kawaida za dukani huwa ni mara 20 ya hatua yake ya kusomea: ikisoma kwa gramu 5, haifai kupima chini ya gramu 100. Mtoto mwenye sarafu zake anataka gramu 50. Tafuta inayosoma kwa gramu 2, ambayo inaanzia gramu 40, na iwe na kitufe cha kuondoa uzito wa mfuko.

Vingine ni vidogo: vichoteo vya chuma kisichoshika kutu, koleo, mifuko inayofaa kwa chakula, mashine ndogo ya kuziba mifuko kwa joto, sehemu ya kunawia mikono.

Kuhusu aina, mimi ningeanza na 30 hivi. Nusu ziwe pipi ngumu na tofi zenye karatasi, kwa sababu zinavumilia kosa la mwanzo. Robo ziwe za jeli, na zilizobaki chokoleti, ukiagiza chokoleti kidogo kidogo. Mtungi wa lita 3 hubeba takriban kilo 2 za pipi ngumu, kwa hiyo usikubali katoni kumi za ladha moja kwa sababu tu ya punguzo. Za mnanaa zitenge na ziwe na kichoteo chao, maana harufu yake huhamia kwenye chokoleti. Zenye karanga na lozi vivyo hivyo, ila hapa ni usalama wa mteja: chembe kidogo humtosha mwenye mzio kupata madhara makubwa. Kata lebo ya katoni yenye viambato, namba ya toleo na tarehe ya mwisho, uibandike nyuma ya mtungi. Mtungi ukiisha uoshe na ukauke kabisa kabla ya kujaza. Kumimina mpya juu ya zilizobaki kunaziacha za zamani chini kwa miezi. Na pipi ngumu za mviringo zipange juu ya kaunta, mbali na mikono ya watoto wa chini ya miaka 4, kwa kuwa zinaweza kuwakaba.

Ukizungumza na msambazaji, kabla ya bei muulize bidhaa itakuwa imebakiwa na muda gani siku ya kuipokea, na kama atapokea tena katoni iliyofika ikiwa imeshikana au imeyeyuka. Jibu lake liandikwe kwenye oda. Siku ya kupokea, fungua katoni moja ya kila aina mbele ya dereva kabla ya kutia sahihi.