Namba moja darasani haikunipa mkopo, cheti cha kifo cha baba ndicho kilichonipa

Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma swali lako mara mbili. Binti yako amekuwa wa kwanza darasani toka kidato cha tano, shule binafsi ya hapo Arusha ikampunguzia ada kwa sababu hiyo, sasa mnasubiri matokeo ya kidato cha sita na walimu wamekwambia kwa namba hiyo mkopo wa chuo ni wake. Naomba usiishie kwenye maneno ya walimu. Mimi niliyaamini, nikateseka muhula mzima.

Nilimaliza kidato cha sita 2018, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), B tatu, daraja la kwanza la pointi 6. Siku ya mahafali mama alishuka toka Kibosho kuja kuona nikipewa cheti cha namba moja. Nikaomba mkopo bila wasiwasi. Majina ya awamu ya kwanza yakatoka, langu halimo. Ya pili, halimo. Rafiki yangu tuliyekaa dawati moja, aliyepata daraja la pili, alipewa ada na bumu, yaani pesa ya kujikimu.

Tofauti yetu ilikuwa karatasi. Wote tulikuwa tumefiwa na baba, ila yeye alikuwa na cheti cha kifo kilichohakikiwa RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo. Baba yangu alifia nyumbani, tukamzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, hakuna aliyekwenda kuandikisha. Nilijaza kwenye fomu kwamba amefariki, bila ushahidi wowote. Bodi ya Mikopo inapopanga nani apate, inatazama hali ya nyumbani: yatima, mwenye ulemavu, kaya maskini inayosaidiwa na mfuko wa TASAF, ulisoma wapi na nani alilipa. Ufaulu unakuingiza chuoni. Ukishaingia, unaulizwa kwenu pakoje.

Mama aliuza ng'ombe wa maziwa, ukoo ukachanga, tukalipa nusu ya ada. Chuoni nilibebwa na kijana wa Mwanga ambaye sikuwa namjua kabla. Tulilala wawili kitanda cha mtu mmoja mpaka Januari, na hakuwahi kuninung'unikia hata siku moja. Huku nyuma mjomba alikuwa anapanda na kushuka: barua ya mtendaji wa kijiji, kumbukumbu ya mazishi kanisani, kisha ofisi ya wilaya kuandikisha kifo cha miaka tisa iliyopita. Cheti kilipotoka nikakata rufaa, nikapata.

Kwa binti yako naona mtego uko kwingine. Mtoto aliyesoma shule binafsi, kwenye fomu anaonekana ni wa mwenye uwezo. Hiyo heshima ya kupunguziwa ada, isipoandikwa popote, itamgeukia. Nenda shuleni wiki hii hii, omba barua yenye muhuri inayosema alifadhiliwa, kiasi gani, toka mwaka gani na kwa sababu gani. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA sasa, na majina yafanane herufi kwa herufi na yale ya kidato cha nne. Sahihi za mwenyekiti wa mtaa, mdhamini, na hakimu au wakili zikaguliwe ukurasa kwa ukurasa. Nimeona watoto wazuri wakikwama kwa sahihi moja.

Hukusema anasoma mchepuo gani. Kama ni sayansi, upo mlango ambao ufaulu wenyewe unaufungua: Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa waliofaulu juu kabisa masomo ya sayansi kidato cha sita. Ile hairudishwi. Lakini inapima matokeo ya taifa, si nafasi ya darasani, na wa kwanza wa shule moja anaweza kuwa wa ishirini kwenye shule nyingine. Msikae mkingoja kusikia jina lake redioni pia. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza kumi bora Januari 2023. Aombe mkopo kama kawaida, hilo lingine likija lije.

Na ajue mapema kwamba mkopo ni deni. Mimi nakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi na sioni uchungu, maana nakumbuka kile kitanda.

Ukishaipata barua ya shule, nipo Moshi, si mbali na soko la Mbuyuni. Niandikie, mje na binti na karatasi zote, tuzipitie moja moja kabla hamjatuma.