JIBU: Mashindano ya pawasoo za bei rahisi, petroli changanya WEWE mwenye shindano

Usithubutu kumruhusu mtu aje na petroli yake! Unaandika fundi amewaambia vijana wako wapunguze oili ya 2T, ile ya kuchanganya na petroli, ndio pawasoo ikimbie, halafu unauliza mambo ya kiwanja, kiingilio na zawadi. Zawadi baadaye bana. Maneno hayo hayo fundi mmoja wa Grogan, kule kwa mafundi Nairobi, aliwaambia washindani wetu tukiandaa letu kule Ruai, pawasoo za Kichina za cc 52, kukata visahani vitatu, yaani vipande vyembamba vya duara, kwenye gogo la mkaratusi, na aliwadanganya mchana kweupe.

Injini ya pawasoo haina sampu, ile bakuli ya oili ya chini, kama ya gari. Kinacholainisha pistoni na beringi ni ile oili uliyochanganya na petroli tu, ile ya tenki ya pili ni ya cheni. Sasa huyo fundi akawaambia waweke nusu ya oili, akatoboa sailensa, na sailensa ikifunguka hewa inapita nyingi kwa hivyo kabureta inataka petroli zaidi, skrubu ya H, ile ya kabureta ya petroli ya resi ya juu, unailegeza kidogo, yeye akaikaza! Mashine ikalia hewani kama nyigu, watu wakashangilia. Kisahani cha kwanza ikakata, cha pili nguvu zikaisha, ikazima, ukivuta kamba ya starta haisongi hata kidogo. Tukafungua sailensa tukachungulia tundu la moshi, pistoni imechanika mistari juu mpaka chini, alumini imejipaka kwenye silinda. Na haikuwa mashine moja! Hizo ni pawasoo za watu wanaopasua mbao Jumatatu ndio watoto waende shule. Fundi akipigiwa simu anasema eti ni uchina. Uchina gani wakati zilifika kwake zikifanya kazi? Bado nina hasira naye.

Pawasoo iliyosetiwa sawa, ukiipiga resi hewani inakoroma kidogo, sauti inasafika ikishaingia kwenye mti. Ikilia nyembamba hewani jua haipati petroli ya kutosha, ilegeze H kidogo kabla haijagusa gogo.

Hata kule Timbersports, mashindano ya kukata magogo ya kampuni ya Stihl, kwenye kitengo cha Stock Saw wote wanatumia pawasoo za aina moja, zile za kutengenezwa upya zina kitengo chao, Hot Saw. Wewe huwezi kuwanunulia watu mashine, lakini mtungi mmoja wa petroli unaweza. Lita moja, oili mililita 40, yaani 25 kwa 1, vitabu vya nyingi za hizi za bei rahisi ndivyo vinasema. Tikisa mtungi vizuri, kila mtu amwage tenki yake mbele ya wengine, ajaze kutoka kwako. Na breki ya cheni iwe inashika, ijaribu mwenyewe mashine moja moja, aliyeing'oa asiwashe.

Anayekataa kumwaga mrudishie kiingilio chake aende nyumbani, hata kama ni binamu yako.