Ndugu Yako Anatoka kwa Parole Ijumaa? Soma Hii Kwanza

Jumapili usiku dada mmoja aliniandikia: "Kaka, mdogo wangu amepata parole, anatoka Ijumaa. Nguo tumeshamnunulia na ndugu wote wanakuja kumpokea. Kuna kingine tunachotakiwa kuandaa?" Niliusoma ujumbe ule mara tatu. Hilo neno Ijumaa ndilo lililoninyima usingizi.

Mimi pia nilitoka Ijumaa. Wiki mbili zilizopita nimekabidhiwa karatasi yangu ya kumaliza parole, baada ya miaka miwili na miezi minne, kwa hiyo leo naweza kuyasema haya bila kuogopa faili. Nayasema kwa fahari, sitaficha. Tulitoka watano siku ile, na watatu wamerudi ndani. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyerudi kwa kuiba au kumdhuru mtu. Wote walirudi kwa kuvunja masharti.

Kwa asiyejua, parole haifuti kifungo. Kifungo kinaendelea, ila unakitumikia uraiani chini ya masharti na macho ya afisa. Neno lenyewe asili yake ni Kifaransa, na maana yake ni neno, yaani ahadi ya mtu. Unatoa ahadi mbele ya bodi inayoamua nani apewe parole, geti linafunguliwa. Ugumu uko hapa: ahadi unaitoa ukiwa mahali ambapo kuamka, kula na kulala unapangiwa, halafu unakwenda kuitimiza mjini, ambako hakuna anayekupangia wala anayekungoja.

Mimi geti lilifunguliwa saa saba mchana. Karatasi ilisema niripoti ofisi ya parole ndani ya siku tatu. Safari ya kufika mjini ilikula saa nne, na kipande cha mwisho ndicho kilichonitoa jasho: barabara iliyopita mbele ya kituo. Nilikuwa sijavuka barabara kwa miaka sita. Nilisimama ukingoni na mfuko wangu, watoto wa shule wananipita wanavuka, mimi bado nahesabu magari. Mwishowe nilijibanza nyuma ya mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, alipovuka nikavuka. Nilipofika ofisini pamefungwa. Jumamosi pamefungwa, Jumapili pamefungwa, Jumatatu ikawa sikukuu. Jumanne asubuhi nilikuwa mtu wa kwanza mlangoni, na maneno ya kwanza kuandikwa kwenye faili langu yalikuwa "amechelewa kuripoti".

Kule England na Wales walikuja kuliona hili. Mwaka 2023 ilipitishwa sheria inayoruhusu mfungwa ambaye siku yake ya kutoka inaangukia Ijumaa au mkesha wa sikukuu aachiwe hadi siku mbili za kazi kabla, ili akute ofisi ziko wazi. Mtu anaweza kusema siku mbili tatu ni kitu gani. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofuatilia watu zaidi ya 30,000 waliotoka magerezani katika jimbo la Washington, Marekani. Katika wiki mbili za kwanza hatari yao ya kufa ilikuwa zaidi ya mara 12 ikilinganishwa na ya wakazi wengine, na kilichoongoza kuwaua ni kuzidisha dawa za kulevya. Wiki mbili za kwanza, dada. Ndizo hizohizo ambazo ndugu wanakuwa wamemaliza sherehe na kila mtu amerudi kwenye shughuli zake.

Sasa nije kwenye kosa langu. Nilifikia kwa mjomba. Wiki ya tano tuligombana, akaniambia nitafute pa kwenda, nikaanza kulala ghalani nilikopata kibarua cha kupakia mizigo. Sikumwambia afisa. Kila nikienda kuripoti natia saini pembeni ya anwani ya mjomba, kwa ile kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza, na mkono unanitetemeka. Niliogopa kwamba nikisema sina makazi nitarudishwa. Afisa akaja kunitembelea nyumbani, akaambiwa huyo alihama zamani. Kosa hilo ni langu, simsingizii mtu. Laiti ningesema siku ileile ya kwanza, lingekuwa tatizo la makazi. Niliponyamaza likawa tatizo la uongo, na uongo hauna dawati la huduma.

Lakini kilichonirudisha ndani hakikuwa hicho. Nilipewa onyo, nikatafutiwa kitanda kwenye nyumba ya muda. Kilichonirudisha ni Jumatano.

Jumatano saa tatu asubuhi nilitakiwa kuripoti. Jumatano hiyohiyo, saa nne, nilitakiwa kwenye ushauri nasaha, upande wa pili wa mji, mabasi mawili. Kuripoti kwenyewe ni dakika mbili: jina, saini, muhuri. Ila afisa mmoja ana watu wengi kupita kiasi, na ile benchi ya mbao ya ukumbini nimeikalia mpaka saa sita kwa ajili ya hizo dakika mbili. Nikiripoti, nakosa ushauri. Nikienda kwenye ushauri, nakosa kuripoti. Ofisi zote mbili zimeandika kwamba kukosa ni kuvunja sharti, na hakuna iliyokuwa na habari za mwenzake. Kule ghalani nako, Jumatano ya tatu niliyochelewa, msimamizi akanifuta kazi, na kuwa na kazi halali lilikuwa sharti la tatu.

Nilirudishwa ndani siku 41. Nilizihesabu. Mpaka leo nikipita mbele ya jengo lile kifua kinabana, na sioni sababu ya kudanganya kwamba nimesahau.

Nilipotoka tena nilipangiwa afisa mwingine, mama wa makamo aliyekaribia kustaafu. Swali lake la kwanza halikuwa kuhusu kosa langu. Aliuliza, "Nauli ya kufika hapa umeipata wapi?" Nikamwambia nimetembea. Akauliza ratiba zangu zote, akazipanga mezani kama mtu anayepanga karata, akanyanyua simu na kupiga ile ofisi ya ushauri nikiwa nimekaa palepale. "Huyu kijana Jumatano ni wangu. Mpeni Alhamisi jioni." Basi. Hazikuzidi dakika tatu. Nilitoka nje nikalia kwa hasira, kwa sababu siku zangu 41 zilitokana na simu ya dakika tatu ambayo hakuna aliyeipiga.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kawaida, kazi, kuripoti, kulala. Siwachoshi nayo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi. Sema kabla. Ukiona utachelewa, sema kabla. Ukifukuzwa unapoishi, sema kabla hawajaja kukutafuta. Ratiba zikigongana, peleka karatasi zote mbili mezani, omba wabadilishe siku, na omba jibu kwa maandishi. Nunua daftari. Langu liko hapa mbele yangu, gamba limebanduka. Kila nilipokwenda niliandika tarehe, saa niliyofika, saa niliyoondoka na nani aliyenihudumia. Mara mbili faili lilisema sikufika, daftari likasema nilifika, na kitabu cha mapokezi kilipofunguliwa kikasema kama daftari. Karatasi ya kuachiwa itie kwenye nailoni na utoe nakala. Yangu ilichanika kwenye mikunjo kabla ya miezi mitatu, kwa sababu kila dirisha linaitaka hiyohiyo.

Na ninyi mnaokuja magerezani kila wiki kutuhubiria, nawaheshimu, mlinipa nguvu. Ila mtu akitoka mnakuwa wapi? Mahubiri mazuri kwa mtu wa parole ni kumsindikiza kuripoti. Ni kumwandikia barua ya makazi, kumtajia kwa mwajiri, kumpigia simu Jumanne usiku na kumkumbusha kwamba kesho ni Jumatano. Kanuni za Nelson Mandela, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha mwaka 2015, zinasema mtu anayetoka apewe vitambulisho, awe na makazi na kazi, awe na nguo, na awe na uwezo wa kufika aendako na kujikimu kipindi cha mwanzo. Nguo ndicho kitu ambacho familia hukumbuka. Yaliyobaki tunamwachia mtu ambaye hata barabara anaogopa kuivuka. Tuache. Tumeshawapoteza wengi kwa mambo madogo.

Dada, nimekujibu pembeni lakini narudia hapa kwa wenye swali kama lako. Sherehe isogezeni Jumamosi. Kesho Alhamisi pigeni simu ofisi ya parole mtaje jina lake, muulize wanafunga saa ngapi na Jumatatu kama ni siku ya kazi. Ijumaa uwe getini mapema, wewe mwenyewe na mtu mmoja tu, msiende kundi. Akitoka msipitie nyumbani. Nendeni moja kwa moja kuripoti, hata akiwa na njaa, na mkikuta wanafunga mwombe aliyeko zamu aandike kwamba amefika na aweke saa. Mkifika barabarani mshike mkono, asione aibu. Usiku ukipata nafasi niandikie, uniambie mliandikwa saa ngapi.