Waulize Mafundi: klaksoni mpya, waya wa zamani

*Nina Corolla ya teksi hapa Katindo, Goma. Nilinunua klaksoni (honi) mbili za konokono, zile zenye umbo la konokono, fundi akazichomeka kwenye waya wa ile ya zamani. Siku nyingine zinalia kwa unyonge, siku nyingine fizibu (fyuzi) ya ampea 10 inaungua. Fundi anataka tuweke ya 30. Nikubali?*
Dereva, Katindo

Usikubali, ndugu. Fizibu haikuwekwa kulinda klaksoni, imewekwa kulinda waya. Ukiweka ya 30 kwenye waya uliotengenezwa kwa 10, siku ya hitilafu fizibu itabaki nzima na waya ndio utakaowaka moto.

Konokono mmoja hula takriban ampea 4 hadi 6. Wawili kwa pamoja wanafika 8 hadi 12, tena kupitia waya mwembamba uliopangiwa klaksoni moja ndogo. Volti zinapotea njiani, ndiyo maana sauti inakuwa ya mgonjwa. Klaksoni zako huenda hazina kosa lolote. Kinachokosekana ni rele, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo, yenye njia yake ya umeme.

Nunua rele ya volti 12 ya ampea 30 au 40 yenye miguu minne, kibebeo cha fizibu chenye kifuniko cha mpira, fizibu ya 20, na mita tatu hivi za waya wa milimita 2.5 za mraba. Wauzaji wengi watakupa waya wa spika kwa sababu ni wa bei rahisi. Ukatae.

Kwanza fungua kichwa hasi cha betri, kwa Corolla nyingi ni ufunguo namba 10. Kutoka chanya ya betri peleka waya mnene hadi mguu wa rele ulioandikwa 30 (kila mguu una namba yake). Fizibu ikae karibu sana na betri, isizidi sentimita 20, kwa kuwa kipande kilicho kabla ya fizibu hakina mlinzi. Mguu wa 87 unatoa umeme kwenda kwenye klaksoni zote mbili, kila moja na tawi lake. Usizifunge kwa kufuatana, moja nyuma ya nyingine: kila moja itapata volti pungufu, na zote mbili zitakoroma tu. Waya wa klaksoni ya zamani, ule unaopata umeme ukibonyeza usukani, uende mguu wa 86. Mguu wa 85 uende masi, yaani kwenye chuma cha mwili wa gari. Kwa namna hii waya wa zamani unaamsha rele tu, kazi isiyofika hata nusu ampea, na fizibu ya 10 inabaki pale pale ilipowekwa na kiwanda.

Ukiuziwa rele ya miguu mitano, ule wa 87a uuache na uuzibe kwa tepu. Ukiutumia huo badala ya 87, klaksoni zitalia tangu unaporudisha betri na zitanyamaza ukibonyeza. Tumeona gari la namna hiyo likisukumwa hadi gereji.

Sasa masi, mahali ambapo kazi nyingi huharibikia. Konokono wenye ncha mbili wapewe waya wa masi wa unene uleule wa chanya. Wenye ncha moja wanategemea bano lao, kwa hiyo kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza boliti, kisha paka grisi ili kutu isirudi. Mdomo wa konokono uelekee chini: maji ya mvua na ule mchanga mweusi wa barabara zetu hujaa ndani ukielekea mbele au juu. Klaksoni ishikwe na bano lake peke yake. Mwili wake ukigusa bampa au redieta, sauti inakufa. Na hakikisha umepata mmoja wa sauti nene na mmoja wa sauti nyembamba, maana wengine huuza wawili wa aina moja.

Mwisho pima, injini ikiwaka na mtu akibonyeza. Kwenye ncha za klaksoni uone volti 12 au zaidi. Kisha weka ncha moja ya kipimo kwenye masi ya klaksoni na nyingine kwenye hasi ya betri: ikizidi nusu volti, rudi ukakwangue tena.

*Klaksoni ya RAV4 yangu inalia usukani ukinyooka, nikikata kona inanyamaza. Taa ya erbagi (mfuko wa hewa wa usalama) pia imewaka. Nibadilishe klaksoni?*
Mama wa Himbi

Hapana, Mama, usitumie pesa huko. Chini ya usukani kuna utepe wa waya uliojiviringisha, unaobeba umeme wa klaksoni na wa erbagi. Dalili hizo mbili zikija pamoja, huo umekatika. Kuthibitisha, fundi achomoe rele ya klaksoni na kuunganisha tundu la 30 na la 87 kwa waya mfupi: ikilia, klaksoni na waya zake ni nzima. Kabla ya kugusa usukani afungue hasi ya betri na kungoja angalau sekunde 90. Erbagi inaweza kufyatuka na kumjeruhi.

*Lori letu ni la volti 24. Nataka honi ya upepo, upepo nitoe tanki la breki.*
Mwenye lori, Ndosho

Usitoboe tanki la breki. Mpira wa honi ukipasuka kwenye mteremko wa kwenda Sake, breki ndiyo inayolipa. Tafuta vali ya kinga ya saketi nne, ile inayogawa upepo kwenye njia nne, na uchukue upepo kwenye tundu la vifaa vya ziada, kwa kawaida limeandikwa 24, ambalo hujifunga upepo ukishuka. Hiyo 24 ni namba ya tundu, haihusiani na volti. Vali ya umeme ya honi nayo iwe ya volti 24. Usiibe volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili: moja itachajiwa kupita kiasi na nyingine itabaki njaa, zote zife mapema. Ukimaliza, jaza upepo, zima injini, paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo na utazame mshale wa geji kwa dakika 10.